Betri Kubwa, Inverta Hafifu

Badala ya barua, Zuhair alituma kaseti ya video. Mwenzake wa kazini aliyerudi kutoka Muscat aliniletea kaseti hiyo pamoja na deki ya kuichezea, akasema, "Mumeo anasema yote ameyasema humo." Yote! Mtu anaendesha malori ya wenyewe miaka yote hiyo, halafu mambo yake yote yanaenea kwenye kaseti moja. Lakini mkataba wake ulikuwa unaisha, na mimi nilitaka kujua jambo moja tu: anarudi?

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na sita, na nguzo za stima ziliishia mbali na kwetu Kiuu. Tulikuwa na paneli ya sola juu ya mabati na televisheni ndogo iliyotumia betri, nayo betri ilikuwa imekufa. Deki ilitaka stima kama ya mjini, kwa hiyo ilibidi ninunue na inverta ya kugeuza umeme wa betri.

"Mama Muna, si ukuje tu tuone kwangu?" aliniambia rafiki yangu Waceke wa Githurai 45, ambaye stima anayo.

Nilikataa. Sebule ya Waceke naijua. Deki ikiwaka, majirani wa ploti nzima wanaingia, na hakuna anayefukuzwa. Mimi nilimtaka mume wangu peke yangu, hata kama ni wa ndani ya kioo cha televisheni. Nilikuwa nimemkosa mpaka nikawa nanusa kola za mashati yake kabatini.

Nikaenda Thika, kwenye duka la fundi mmoja anayeitwa Macharia. Kwanza nilivutiwa na betri ya gari, kwa kuwa ilikuwa ndogo na ya kubebeka.

"Hapana mama, hiyo kazi yake ni kustat gari," akasema. "Inatoa nguvu mara moja, basi. Ukiimaliza kwa TV kila siku itakufa haraka. Chukua hii kubwa ya sola, inatoa polepole."

"Nikichukua hiyo kubwa, nitaona mpaka lini?"

"Utaona mpaka uchoke. Lakini kwa pesa uliyonayo, inverta itabidi uchukue ile ya bei ya chini, na hiyo inanguruma. Picha utapata, lakini sauti, weee! Afadhali betri ndogo ya sola na inverta safi."

"Kijana, mimi nimelala na mtu anayekoroma. Ngurumo haitanishinda."

Akacheka, nami nikacheka, nikabeba betri kubwa.

Siku ya pili, mwanangu Muna akiwa madrasa, nilifunga mlango nikawasha. Zuhair akatokea, amekaa kitandani, amekonda, shati limepigwa pasi. Nililia hapohapo. Kisha akafungua mdomo, na nilichosikia ni mngurumo mtupu, kama posho mill ya kusaga mahindi imehamia chumbani. Niliongeza sauti, mngurumo ukaongezeka. Nilibandika sikio kwenye spika, nikaambulia joto. Mahali fulani alinyamaza, akainamisha kichwa upande, akanitazama kwa muda mrefu. Nilirudia pale mpaka macho yakauma. Betri haikutetereka. Mume nilikuwa naye mchana kutwa, na jibu langu sikulipata.

Nikameza kiburi, nikaenda kwa Waceke. Kama nilivyojua, ploti nzima iliingia: Barasa wa viatu, Magdalene na watoto wake, hata watu nisiowafahamu. Waceke akaiweka kaseti, na sauti ya Zuhair ikajaa chumba, ile ya chini anayonisemesha nayo mlango ukifungwa. Niliona aibu, na nilifurahi pia.

"Ruqayya wangu," alisema, "wanataka niongeze mkataba. Mimi nimechoka, nataka nyumbani. Lakini sitaamua bila wewe. Niambie, nikae au nirudi? Sema, nakusikiliza."

Akanyamaza, akainamisha kichwa upande.

Watu wote walinigeukia.

"Rudi," nikasema. Nikasema tena kwa nguvu, mbele yao wote, "Zuhair, rudi nyumbani!"

Kwenye kioo Zuhair aliitikia kwa kichwa taratibu, akajipangusa uso.

"Haya," akasema. "Nilijua utaniambia nivumilie. Kesho nitaweka sahihi kwenye mkataba."