Mluzi Chini ya Kifuniko

Saa nane na dakika tano mchana, sekretari wa ghorofa ya tano aliingia katika chumba cha fundi wa kompyuta, akaiweka laptopu juu ya meza, kati ya bisibisi na kikombe cha chai iliyopoa. Alikaa kwanza, akahema. Tangu lifti ifungwe, mwaka ulikuwa umepita, na watu wote wa jengo lile walikuwa wamepungua mwili isipokuwa yeye.

"Fundi, hii imenishinda," alisema. "Inakula chaji ikiwa imelala."

"Inakula kiasi gani?"

"Saa saba niliiacha na asilimia mia. Nikafunga kifuniko, nikaenda kula. Nimerudi sasa hivi, asilimia tisa. Kwa saa moja! Hata mimi sili hivyo, na mimi unanijua."

Fundi alicheka kidogo. Akatoa daftari lake la mistari, akaandika tarehe, saa na maneno ya sekretari kama alivyoyasema, ukiacha ya mwisho. Ndivyo alivyofanya kazi. Hakugusa mashine ya mtu kabla ya kuandika, na kila alichojaribu alikiandika, pamoja na saa aliyokijaribu. Vijana wa ghorofa ya tatu walimtania kwamba siku ya kufa ataandika kwanza dalili. Naye aliwajibu kwamba wao wakifa hakuna atakayejua walikuwa wanaumwa nini.

Alianza na mambo ya kawaida. Aliichaji mashine hadi mia, akachomoa kipanya, kwa sababu kipanya kikiguswa huiamsha kompyuta iliyolala. Akaifunga kwa saa moja. Ilipofunguliwa ilikuwa na asilimia tisa. Akaukataza mtandao usiiamshe. Tisa. Akazima programu zote zilizopenda kujifanyia mambo zenyewe bila kutumwa. Tisa. Akatazama sumaku ndogo ya kifuniko, ile inayoiambia mashine kwamba imefungwa, akaikuta nzima. Siku ya pili alitoa betri, akaweka nyingine aliyoijua tabia yake. Nayo ikaishia tisa.

Hapo alijua kwamba betri haina kosa, akaandika hivyo.

Kuna ripoti ambayo kompyuta huitoa ikiamriwa: ililala lini, iliamka lini, na katika kila saa ilipoteza chaji kiasi gani. Fundi aliitoa ripoti hiyo, akaichapa kwenye karatasi, akavaa miwani. Kila mara mashine ilipofungwa, ripoti haikuonyesha ule muda wa saa moja wa siku ile. Ilionyesha siku nane za mwaka jana. Ilianza tarehe sita asubuhi, ikaenda tarehe saba, nane, tisa, kila siku ikichukua chaji kidogo kidogo kama mashine inayotumika. Ikifika tarehe kumi na nne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, chaji iliporomoka kwa mpigo mmoja, kutoka arobaini na mbili hadi tisa.

Fundi alivua miwani. Tarehe kumi na nne ya mwaka jana, saa nne na dakika ishirini asubuhi, ndipo shemeji yake alipokufa katika shimo la lifti.

Shemeji huyo alikuwa fundi wa lifti wa jengo lile kwa miaka kumi na tisa, na watu walimwita Kamba, kwa wembamba wake na kwa kazi yake. Alikuwa mume wa dada yake fundi, dada wa kuzaliwa tumbo moja. Kwa miezi saba kabla ya kufa alikuwa akiomba breki mpya ya lifti. Alipokufa, ilitokea barua. Barua hiyo iliandikwa tarehe sita, na ilimwonya Kamba asithubutu kuingia shimoni kabla ya kuzima umeme kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa na sahihi ya Mkuu wa Utawala, ambaye kila mtu alimwita Bosi. Basi ikaonekana kwamba Kamba alionywa mapema, akapuuza. Barua ikatiwa kwenye fremu ya kioo, ikatundikwa karibu na mlango wa lifti, chini, penye watu wengi. Juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa: FUNZO KWA WAFANYAKAZI WOTE.

Mjane wa Kamba alipewa kazi ya kusafisha ngazi. Kila asubuhi aliosha ngazi za ghorofa tano, na alipofika chini alifuta kioo cha ile fremu, kwa kuwa vioo vyote vilikuwa kazi yake. Watu waliopita wakimsalimia walisema, "Pole, Mama Pacha. Ila marehemu naye alikuwa mbishi." Alijibu, "Asante." Pacha wake, waliokuwa na miaka kumi na moja, waliambiwa hivyo hivyo shuleni.

Mchana wa siku ya tatu fundi aliifunga laptopu tena, akaweka saa ya mkononi pembeni, akainamisha sikio. Kompyuta nyingi zikilala hunyamaza. Hii ilikuwa inapiga mluzi. Ulikuwa mluzi wa mtu mwenye mikono iliyoshughulika, unaokatika pale anapokaza kitu na kuendelea anapomaliza. Kulikuwa na mlio wa spana. Kulikuwa na sauti ya mtu akisema peke yake, "Hii breki itatuua, nimeshawaambia." Siku hizo laptopu ilikuwa ghorofa ya tano na shimo liko chini kabisa, lakini fundi hakuona sababu ya kuuliza ilisikiaje. Aliandika: *Dakika ya kumi na mbili, mluzi.*

Mlango ulifunguliwa. Dada yake aliingia na ndoo na dekio, kwani chumba kile alikideki saa saba, wenye kazi wakienda kula.

"Inua miguu, mdogo wangu."

Akainua. Dekio lilipita chini ya meza mara moja, likasimama.

"Huyo ni mume wangu," alisema dada.

"Ndiye."

"Mluzi huo aliupiga hata akinyoa ndevu. Nikimwambia utajikata, anajikata." Aliegemeza dekio ukutani, akavuta kiti, akakaa. Hakulia. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza jirani anapita dirishani. "Yumo humu tangu lini?"

"Nadhani tangu mwaka jana."

"Na kwa nini awe humu, asiwe nyumbani?"

Fundi alitazama daftari. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwa ameliandika, wala siku ile wala siku hizi.

"Dada, unakumbuka nilirudi kazini tarehe kumi na saba? Siku mbili baada ya maziko."

"Nakumbuka. Ulisema wamekuita."

"Bosi aliniita. Akanipa pole. Akaniambia hii mashine irudishwe saa yake nyuma siku kumi na moja, isome tarehe sita. Halafu sekretari akaingia, akaanza kuchapa."

"Kuchapa nini?"

"Sikutazama."

"Hukutazama," dada alisema, "au hukuona?"

Kutoka chini ya kifuniko Kamba alikuwa amefika tarehe kumi na moja, akiomba mtu amshikie tochi.

"Kwa hiyo zile siku umempa wewe," dada alisema. "Mwenzio amekufa, wewe ukamrudisha tarehe sita akafanye kazi tena."

"Amri ilitoka juu, dada."

"Juu ghorofa ya ngapi?"

"Ya tano."

"Huko nako nimedeki leo. Sikukuta kitu."

Tarehe kumi na nne ilikuwa imeingia. Dakika ya arobaini na saba walimsikia Kamba vizuri, sauti ikitoka mahali penye mwangwi.

"Bosi, umeme umezimwa?"

"Umezimwa," ilijibu sauti ya Bosi. "Fanya haraka, wageni wangu wako njiani."

"Swichi imeshushwa chini kabisa?"

"Nimesema umezimwa, wewe mtu! Kaza hiyo kitu utoke."

Mluzi ukaendelea. Kisha viatu vingi, vicheko, mlango wa mbele. "Karibuni, karibuni sana," alisema Bosi kwa sauti nyingine, ya wageni. "Tupande, ofisi yangu iko juu." Kikasikika kidole kikibonyeza kitufe cha lifti.

Mluzi ukakatika. Taa ndogo ya pembeni mwa mashine ikageuka nyekundu.

Dada alisimama, akachukua ndoo. "Ibebe," alisema. "Twende tukaiulize ghorofa ya tano."

Laptopu ilichajiwa kwanza, maana isingeweza kwenda na asilimia tisa. Saa kumi alasiri walipanda, fundi mbele na mashine, dada nyuma na ndoo, kwa sababu msafishaji asiye na ndoo huulizwa anakwenda wapi. Bosi aliwapokea bila taabu. Fundi alieleza tatizo kuanzia kipanya hadi ripoti, akaifunga mashine juu ya meza yake. Bosi alisikiliza siku zote nane huku akiweka sahihi kwenye mafaili. Sauti yake ilipotokea, aliinua kalamu.

"Hapo nilikuwa na mafua," alisema.

Kidole kilipobonyeza kitufe, alifunga faili la mwisho.

"Mashine zingine zina sauti mbaya kuliko hii," alisema. "Simu yangu hii ina mtu anakohoa. Nimezoea. Sasa shida ni nini hasa, Fundi? Chaji?"

"Shida ni ile barua iliyo chini," fundi alisema. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyokusudia. "Iliandikwa tarehe kumi na saba. Saa niliirudisha mimi. Naomba iondolewe."

"Barua ina tarehe. Ina sahihi na muhuri." Bosi alizungumza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto hesabu. "Mluzi hauna muhuri. Mimi nitaupeleka wapi mluzi?"

"Uupeleke chini," dada alisema mlangoni. "Pale pale kwenye fremu. Watu wasikilize wenyewe."

"Mama Pacha, nakuheshimu sana. Hakuna aliyekupa kazi hapa ila mimi."

"Hakuna aliyeninyang'anya mume hapa ila wewe."

Bosi alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei. Akamgeukia fundi, akaomba fomu ya matengenezo. Fundi alikuwa ameijaza tayari. Penye mstari wa *Chanzo cha tatizo* alikuwa ameandika: *Saa ilirudishwa nyuma siku kumi na moja kwa amri. Aliyeirudisha ni mimi. Marehemu yumo ndani na aliuliza kama umeme umezimwa, akaambiwa umezimwa.* Bosi aliisoma yote mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye droo.

"Hii umeijaza kama mpiga hadithi," alisema, akimsogezea fomu nyingine safi. "Ijaze kama fundi. Na mkataba wako unaisha mwezi huu, eh? Nikumbushe, niuweke sahihi pamoja na fomu hii."

Nje ya dirisha mtu alikuwa akipiga honi bila haraka. Fundi alishika kalamu, akaitazama fomu kwa muda ambao dada yake aliupima kwa kubadilisha ndoo kutoka mkono huu kwenda huu. Kisha aliandika: *Betri imechoka.* Akatia sahihi, na tarehe ya siku ile, iliyo sahihi.

Walishuka ngazi. Ghorofa ya pili dada alisema, "Una mwandiko mzuri."

"Dada..."

"Unasomeka hata kwa mbali."

Kompyuta mpya ya sekretari ililetwa baada ya siku mbili. Ile ya zamani iliandikwa mbovu, ikabaki katika chumba cha fundi, juu ya rafu, pamoja na kibodi zisizo na herufi. Mkataba wa fundi uliwekwa sahihi. Barua ilibaki kwenye fremu yake. Sekretari, aliyeichapa, huwa anapita upande wa pili wa ukumbi, na akiulizwa anasema huko kuna hewa.

Kwa wiki tatu dada hakuongea na ndugu yake, ila alimwambia ainue miguu. Wiki ya nne aliingia saa saba kamili, akaegemeza dekio, akavuta kiti, akafungua kibweta cha chakula.

"Iteremshe," alisema.

Fundi aliiteremsha ile laptopu, yenye asilimia mia, akaiweka mbele yake. Dada alifunga kifuniko. Mluzi ukaanza, tarehe sita asubuhi. Alikula polepole, akisikiliza, na mara moja moja alijibu. Kamba aliposema breki itatuua, alisema, "Waambie." Kamba alipoomba kushikiwa tochi, alinyoosha mkono, akaushikilia hewani mpaka mlio wa spana ukaisha.

Fundi alikaa na saa ya mkononi. Hilo ndilo aliloachiwa kufanya.

"Dakika ya arobaini na sita," alisema.

"Bado kidogo."

"Dada, arobaini na sita na nusu."

Dada alifunua kifuniko. Kioo kikawaka, mluzi ukakatika tarehe kumi na nne, kabla Kamba hajauliza chochote. Asilimia arobaini na tatu. Dada alifunga kibweta chake, akafuta makombo juu ya meza, akachukua ndoo.

Ndivyo inavyokwenda mpaka leo, kila siku ya kazi. Siku moja tu fundi aliitwa kwenye simu akachelewa kuhesabu, na dada hakumlaumu. Alikaa mbele ya taa nyekundu hadi saa nane, kesho yake akaja na saa yake mwenyewe. Dada akiondoka, fundi huchomeka chaja, kwa sababu siku nane zinahitaji betri iliyojaa, na huandika daftarini: *Imefunguliwa kwa wakati.*

Naye dada hushuka chini, hulowesha kitambaa, hufuta kioo cha fremu kutoka juu kwenda chini, mpaka kila neno la ile barua linasomeka.