Ofa Inaisha Ijumaa

Duka la tatu ndilo lililomchangamsha Rabelani. Simu ileile aliyoitamani, randi 399 kwa mwezi, miezi thelathini na sita. Duka la kwanza walitaka 520 kwa miezi ishirini na minne.

"Umeona, mpenzi? Hii ndiyo rahisi!"

Tshilidzi hakuuona huo urahisi. Rabelani alikuwa kibarua, kwa hiyo slipu ya mshahara iliyokuwa mezani ilikuwa ya Tshilidzi, muuguzi, na saini iliyongojewa ni yake pia. Akapiga hesabu.

"Ile ya kwanza jumla elfu kumi na mbili na ushei. Hii rahisi yako, elfu kumi na nne."

"Lakini kila mwezi inauma kidogo tu."

"Kidogo, miaka mitatu! Na nikikuuliza wajomba zako wataleta lini mahari kwetu, unasema mambo ya mwakani huyajui."

Muuzaji akainama kutafuta kalamu aliyokuwa ameishika.

"Mahari ni hela nyingi kwa mkupuo, Tshili."

"Nani kakwambia mkupuo? Baba alimlipia mama kwa awamu, ya mwisho niko darasa la nne. Na kwetu hawaulizi slipu." Akairudisha slipu mkobani. "Wajomba wakileta awamu ya kwanza, nasaini."

Rabelani akaitazama simu, kisha muuzaji. "Kaka, ofa inaisha lini?"

"Ijumaa."

Rabelani akatoa simu yake kuukuu ampigie mjomba. Haikuwa na salio. Tshilidzi akampa yake.