Vyungu vya Neli Harusini

Neli, mfinyanzi wa Ikombe, alifika Ipyana na kukuta harusi. Maharage yalikuwa yakichemka kwenye vyungu vyake, ambavyo Anyitike, baba wa bwana harusi Sadoki, alivichukua bila kulipa.

"Dada, njoo kesho," Anyitike akamwambia. "Wageni wananitazama."

"Ndiyo maana nimekuja leo. Kesho Mjerumani wa serikali anakusanya kodi ya nyumba. Nikikosa, mama yangu atapelekwa kulima barabara." Neli akafunua chungu. "Maharage ni yako, kaka, yapakue. Chungu nakichukua."

Shangazi wa bibi harusi akacheka. "Sasa tule viganjani, baba Sadoki?"

Anyitike akaingia ndani, akarudi na rupia zote alizodaiwa.

Neli akazifunga kwenye pindo la nguo, akaketi mbele pamoja na wageni. "Nipakulieni kutoka kile kikubwa. Nilikifinyanga mwenyewe."