Muuguzi Aliyejiandikisha Sungusungu

Mwaka 2008 Ikupa Kibona alikuwa muuguzi katika kituo kimoja cha afya pale Tunduma. Zamu yake iliisha saa nne usiku, na njia ya kwake ilipita pembeni mwa foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Usiku mmoja wa Juni, baridi ikimng'ata masikio, mtu alichomoka katikati ya malori mawili, akamkaba, akampora mkoba na simu. Alifika nyumbani na kiatu kimoja.

Alikuwa mwanamke wa tatu kuporwa mwezi huo, hivyo Jumapili mtaa ukaitisha mkutano.

"Kuanzia leo," akasema mwenyekiti, Mzee Timotheo, "mwanamke asionekane barabarani baada ya saa mbili usiku."

Wanaume wakapiga makofi. Ikupa, shingo bado ikimuuma, akasimama.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, binti yangu."

"Hapo mnanifungia ndani mimi niliyeporwa, na aliyenipora mnamwachia barabara. Mama akishikwa uchungu saa tano, nimwambie asubiri kuche?"

Wanawake wakaitikia kwa kelele. Mzee Timotheo akakuna kidevu. "Sasa wewe unatakaje?"

Ikupa hakuwa amejiandaa. Alisema yaliyomjia: kila nyumba iwashe taa ya nje, kila mtu awe na filimbi, na sungusungu, walinzi wa mtaa, waache kuota moto ofisini, wapite kwenye malori. "Na wanawake tuingie zamu. Mniandike mimi, siku zangu za mapumziko."

"Sungusungu wa sketi!" akacheka Osward, fundi baiskeli.

"Niandikeni na mimi," akasema Erica, mke wake, kwa sauti ya kusikika na wote. Mkutano ukakubali, na mwenyekiti akawaandika wote wawili.

Wiki ya tatu baada ya mkutano, Ikupa akitoka kazini usiku alisikia hatua nyuma yake. Alipoongeza mwendo, nazo ziliongeza. Safari hii hakukimbia. Aligeuka, akamtazama mtu yule, akapuliza filimbi mpaka mashavu yakamuuma.

Milango ikafunguka. Erica alitangulia na mchi mkononi, Osward nyuma yake, shati limefungwa vifungo shaghalabaghala. Yule mtu alijaribu kupenya chini ya tela, madereva wakamzuia upande wa pili. Kisu kikamdondoka.

"Tairi! Leteni tairi!" mtu akapiga kelele.

Ikupa akajipenyeza, akasimama mbele ya yule kijana aliyekuwa akitetemeka.

"Hamumgusi! Niliwaita mnilinde, sikuwaita muue. Anakwenda polisi kwa miguu yake."

Umati ukaguna. Mzee Timotheo, blanketi mabegani, akapita katikati yao.

"Mmemsikia sungusungu wetu," akasema. "Mfungeni mikono, twende."

Kituoni askari alifungua kitabu, akauliza nani kamkamata. Ikupa alitazama huku na huku, akidhani watatajwa wanaume.

"Andika Ikupa Kibona," akasema Mzee Timotheo. "Sungusungu wa mtaa wangu."

Walirudi pamoja, wanawake katikati ya barabara, wakiongea kwa sauti kubwa kama watu watokao harusini. Dereva mmoja wa Zambia akachungulia dirishani, akawajulia hali akina mama hao kwa Kibemba, "Mulishani, ba mayo?"

"Bwino!" akajibu Ikupa, na akaendelea kutembea taratibu, kichwa juu, bila haraka yoyote ya kufika.