Chembe Zilizochoka

Kaka yake alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na ndiye aliyembandika dada yake jina la Daktari wa Panya, maana maabara ya dada huyo ilikuwa na panya wengi kuliko watu. Kwa miaka tisa alikuwa akichunguza chembe T, zile chembe za damu zinazoua virusi na saratani. Vita ikirefuka mno, chembe hizo huchoka: zinamwona adui, ila hazimgusi.

Virusi vya homa ya ini vilikaa kimya mwilini mwa kaka miaka mingi. Vilipogundulika, ini lilikuwa limeshashikwa na saratani. Hospitali walimpa dawa ya kuziamsha chembe hizo, lakini miezi mitatu baadaye tumbo lilikuwa limejaa maji. Akaenda maabara kwa dada yake, akakunja mkono wa shati.

"Nitoe damu uangalie mwenyewe. Wale wananizungusha."

Haifai kumpima ndugu yako. Alimpima. Aliziwekea chembe zake dawa ileile, akasubiri siku mbili. Hazikuamka. Akarudia mara ya pili, na ya tatu, huku akijua anajidanganya.

Alimkuta kaka karakanani, amekalia ndoo, anapiga bawaba msasa.

"Hazikuamka, kaka."

"Hata moja?"

"Chache. Hazitoshi."

Kaka akapuliza vumbi la chuma. "Zimerithi uvivu wangu." Kisha akasema, bila kumtazama, "Wifi yako hajui. Nilimwambia ni vidonda vya tumbo."

Dada akakumbuka kwamba virusi hivyo huambukiza hata mke na watoto. "Na watoto? Wamechanjwa?"

Kaka aliendelea kupiga msasa.

Jioni hiyohiyo akamweleza wifi yake, aliyekuwa akikunja nguo. Wifi alikunja shati lilelile mara nne.

"Yeye kanificha, sawa. Wewe unayesomea ugonjwa huu, hukuniuliza hata siku moja?"



Wifi na watoto walipimwa kesho yake. Wifi na kitinda mimba walikuwa salama, wakachanjwa. Binti mkubwa, wa miaka kumi na saba, alikuwa na virusi.

Kaka alifariki wiki ya tano baada ya hapo. Tangu mazishi, wifi hamsalimii, ila kila miezi sita humleta binti kupimwa, naye mwenyewe hukaa nje kwenye benchi.

"Shangazi," binti aliuliza safari iliyopita, akibonyeza pamba mkononi, "chembe zangu nazo zimechoka?"

Daktari wa Panya alifikiria kumdanganya.

"Baadhi," alisema. "Nyingi bado."