Jaji Aliyejitoa Mara Mbili

...na asije mtu akaniambia sikuwepo, maana nilikuwepo, mimi Clete Havlik, mlinzi wa mlango wa mahakama ya shirikisho, koti la buluu, miaka kumi na tisa nikikagua mifuko ya watu na nyuso zao, mtu akinipita mara moja tu najua ana kisu wapi na ana huzuni wapi, sembuse Jaji Harlan Teunissen, niliyesimama hatua tatu nyuma ya kisogo chake alasiri ile ya kumuaga, kichwa chake nilikiona ndani kama ninavyoona begi kwenye mashine, na yaliyokuwamo ni haya: kisu hiki cha plastiki kitavunjika, anawaza, kakishika juu ya keki, Arlys karani mkuu bado anahutubia, huwezi kukata keki kabla hotuba haijaisha, kisu cha chuma Clete kakizuia mlangoni, sheria ni sheria, hata kwa jaji, hasa kwa jaji, na watu wanacheka, Arlys kasema nini, "...kikombe cha Mheshimiwa hakijaoshwa tangu nikiwa na miaka thelathini, na nikikigusa ananiambia naharibu ushahidi," haya, cheka, akacheka, saa kumi kasorobo, saa kumi na moja ujaji unakwisha, ujaji wa maisha, kazi ambayo wenzake hutoka nayo jenezani, yeye anatoka nayo kwa keki, anakwenda Chicago kwa mawakili wa Brockman na Tice, dirisha la ziwa, huko hakuna atakayesimama yeye akiingia, na alitaka hivyohivyo, alichoka, alichoka kusoma vifungo vilivyoandikwa na watu wa Washington ambao hawajawahi kutazamana na mama wa mfungwa, alichoka kuwa mdomo wa... na hapo Jaji Lorraine Stuckey, wa ukumbi wa pili, akamwinamia sikioni, ananukia peremende, "Harlan, usiondoke na wasiwasi, lile ombi la Pruitt nimelimaliza asubuhi."

"Pruitt yupi?"

"Odell. Wa dawa za kulevya. Aliomba apunguziwe kifungo, nimekataa, uamuzi wa mistari minne. Lilikuwa kiporo chako, likaletwa kwangu, sikutaka kikuchachie safarini."

Akampigapiga begani kama mtu aliyemfulia mwenzake shati, na Arlys anaendelea, kitu kuhusu theluji na gari la Mheshimiwa shimoni, watu wanacheka tena, lakini ombi la Pruitt lilikwendaje kwake, Odell Pruitt, fundi wa mashine za kuvunia mahindi, grisi kwenye kucha hata siku ya hukumu, mama yake Verna benchi la mbele, mkoba magotini kaukumbatia kama mtoto mwenye homa, miaka ishirini na mitano, sheria haikumwachia jaji hata mwezi mmoja wa kupunguza, na yeye, mjinga, akavua miwani akasema mbele ya wote, "Bwana Pruitt, kifungo hiki si changu, ni cha sheria, lakini siku sheria ikinifungulia mlango, nami nitakufungulia wewe," na Odell akasema, "Nitakukumbusha, Mheshimiwa," bila kejeli, kama fundi anayeandikiana na mteja siku ya kuchukua gari, na mwaka juzi mlango ukafunguka kweli, sheria ikaruhusu vifungo vya aina ile vitazamwe upya, akangoja, kila wiki alimuuliza Arlys, Pruitt kaleta ombi, bado, kaleta, bado, ikaja Machi, wale wa Brockman na Tice wakamtoa kwa chakula cha mchana, supu na sandwichi, "Hujawahi kufikiria maisha ya nje, Jaji?" naye akasema, nitafikiri, neno moja tu, nitafikiri, na neno hilo linatosha, jaji akizungumza ajira na mawakili hawezi tena kugusa kesi yoyote waliyomo, Arlys akamletea karatasi arobaini na moja, moja kwa kila kesi yao, kila moja neno lilelile, najitoa, najitoa, najitoa, akatia sahihi amesimama, koti limeshavaliwa, theluji inaanza, akijua ni bima na reli na makampuni ya mbegu, hakusoma majina, nani hutarajia kumkuta mtu kati ya makampuni, na Odell alikuwemo humo, maana wale huwatetea maskini bure kwa ajili ya jina lao, na Odell aliwaandikia wao, na ombi lake liliingia wiki ileile ya supu... "Lorraine," akaanza, lakini jaji aliyejitoa hamnong'onezi jaji aliyerithi, hilo nalo ni kosa, basi abaki, aichane barua ya kujiuzulu, abaki, lakini aliyejitoa hajirudishi, basi rufaa, watakata rufaa, nani, Brockman na Tice, yaani yeye, ah, atakwenda Chicago amtetee mwenyewe, moyo ukaruka na ukaanguka papo hapo, kesi uliyoihukumu huruhusiwi kuitetea, aliwahi kumfukuza wakili ukumbini kwa kosa hilo, watamwekea ukuta, faili la Odell upande ule wa korido, yeye upande huu na ziwa lake, katika nchi nzima hii yeyote anaweza kumsaidia Odell Pruitt, muuza mboga anaweza, kasisi anaweza, mmoja tu haruhusiwi, naye kashika kisu cha plastiki, na Jumapili Odell atampigia simu Verna, atasema, nilimkumbusha, Mama, naye kampa mwenzake aseme hapana kwa niaba yake, na Verna ana miaka themanini na moja, kifungo kina kumi na mitatu iliyobaki, hesabu hiyo hata Clete wa mlangoni anaiweza, "...na la mwisho," Arlys anasema, "Mheshimiwa alinifundisha kwamba mahakamani hakuna karatasi ndogo," wakapiga makofi, wote, Stuckey kwa nguvu kuliko wote, na mtu nyuma, "Kata, Mheshimiwa, tuna njaa," naye bado kasimama, kisu juu ya keki, haijaguswa, ameduwaa, ameelewa kwamba hakuchoka kuwa mdomo wa sheria, alichoka tu kungoja, na alikuwa amebakiza wiki moja tu ya kungoja, chozi likamtoka likaingia kwenye masharubu.

Hivyo ndivyo nilivyoona. Isipokuwa chozi. Hilo nimelitia mwenyewe; macho yake yalikuwa makavu kama sakafu ya ukumbi, nami ndiye niliyeshindwa kuyaacha hivyo.