Ukurasa wa Kliniki za Leo

Mara tatu fundi wa tovuti ya hospitali aliupanga upya ukurasa wa kliniki, na mara tatu ukamgeuka. Moduli, ile programu ndogo inayochota ratiba, ilipenda kuorodhesha madaktari kwa majina, kana kwamba mgonjwa wa macho anajali nani anaanza na A. Fundi alitaka kliniki za leo zikae juu, kwa herufi kubwa. Na kwa kuwa kazi alijifunza mwenyewe kwa kupapasa, aliifungua moduli akaibadilisha humo humo ndani. Ilipendeza, lakini kila mara moduli iliposasishwa, jasho lake lote lilifutika, na wagonjwa wakaanza tena kufika siku isiyo yao.

Safari ya tatu mkurugenzi alichoka. Alisema kwamba Jumatatu, mbele ya kikao, ataisasisha moduli kwa mkono wake. Ukurasa ukiharibika, kazi inakwenda kwa kampuni ya nje, na fundi atafute kazi pengine.

Jumamosi fundi alikuwa jikoni kwa mama mkwe, roho juu. Bila kufikiri akachota pilipili, akaitia kwenye sufuria isiyo yake. Mama mkwe akamshika mkono.

"Mwanangu, sufuria niachie mimi. Ukitaka pilipili, pakua, utie kwenye sahani yako."

Kijiko mkononi, fundi akacheka peke yake mpaka mama mkwe akamuuliza kama ana homa. Miezi yote hiyo alikuwa anakoroga sufuria ya watu! Moduli ipike, kupakua ni kazi ya mandhari, sehemu inayoamua tovuti ionekane vipi. Jioni ile akairudisha moduli ilivyokuwa, akanakili faili la moduli linalopanga ukurasa, akaiweka nakala ndani ya mandhari ya hospitali, akaipanga humo atakavyo, mahali ambapo kusasisha moduli hakufiki.

Jumatatu mkurugenzi akabonyeza kitufe cha kusasisha. Duara la kusubiri likazunguka. Ukurasa ukafunguka: Leo, Kliniki ya Macho, chumba cha nne, saa mbili asubuhi. Herufi kubwa vilevile. Mkurugenzi akasasisha moduli zote zilizobaki, moja moja, na ukurasa haukutikisika.

Mkurugenzi akauliza ni kampuni gani iliyomsaidia.

"Mama mkwe," fundi alijibu.

Mkurugenzi akaliandika jina hilo kwenye daftari, akalitazama, kisha akalifuta. Kampuni ya nje haikutajwa tena.